GARI LINA BIMA, ROHO HAINA

Somo kwa madereva, mataniboi, walinzi, vijana wa boda boda na wote wanaosafiri kwenda kazini



Somo letu safari hii ni juu ya wizi wa magari kwa nguvu. Hatusemi juu ya mwizi anayeiba gari usiku mwenyewe amelala. Tunasema juu ya watu wenye bunduki, panga au nyundo wanaomsimamisha dereva na kumwambia, "Shuka!" Huku kwetu Uganda jambo hili huwapata madereva wa malori na wa taksi, na zaidi vijana wa boda boda, ambao wengi ni watoto wetu walioacha mashamba ya chai na miwa kwenda kutafuta riziki kwa pikipiki. Wenzetu wa Kenya, Tanzania na Kongo wanalijua vilevile.

Mtu anaweza kuuliza: hii ni kazi ya polisi, chama kinaingiaje? Tutajibu kwa kueleza mambo yaliyotupata sisi wenyewe.

YALIYOTUPATA

Miaka mingi iliyopita, katika shamba moja la chai ambako tulikuwa na tawi, dereva mmoja alitumwa usiku kupeleka magunia ya chai Kampala. Njiani aliona tochi inapungwa, na watu waliovaa makoti marefu kama ya askari. Akasimama. Walimshusha yeye na taniboi wake, wakawafunga mikono kwa kamba, wakawaacha ndani ya shamba la ndizi na kuondoka na lori. Alfajiri wale wawili walijifungua, wakaenda kwa miguu mpaka kituo cha polisi. Hawakuwa na jeraha hata moja. Sisi tulisema, Mungu ashukuriwe.

Ofisini hakuna aliyeshukuru. Dereva aliulizwa swali moja tu: "Kwa nini ulisimama?" Alisimamishwa kazi bila mshahara, akapewa barua kwamba akirudi, thamani ya chai itakatwa kidogo kidogo katika mshahara wake. Habari hiyo ilifika kila nyumba ya kambi.

Na sisi wa chama tulikosa. Tulikwenda kwa meneja kofia mkononi, tukaomba amsamehe. Amsamehe kosa gani? Kwa kuomba msamaha tulikubali kwamba mtu akitoa gari ili aokoe roho yake, ana hatia.

Baada ya miezi michache dereva wa pili alisimamishwa katika barabara ileile. Taniboi aliyekuwa pembeni yake alitueleza maneno aliyosema: "Mimi siwezi kulipa lori hili." Akakanyaga mafuta. Wakapiga risasi kupitia mlangoni. Lori lilikutwa mtaroni, magunia yote yamo, halikupungua hata moja. Tulimzika kwao siku ya Jumamosi, na mke wake alikuwa na mtoto mgongoni.

Jambazi ndiye aliyepiga risasi. Lakini hofu iliyomfanya ndugu yetu akanyage mafuta ilitoka ofisini, katika ile barua ya kukata mshahara, na sisi tuliiacha ipite. Hapo ndipo chama kinapoingia. Kujikinga na majambazi kunaanza kabla lori halijawashwa, katika mapatano baina ya wafanyakazi na mwajiri.

SEHEMU YA KWANZA: KABLA YA KUTOKA

1. Tunza siri ya safari. Mara nyingi jambazi habahatishi. Anajua gari limepakia nini, linatoka saa ngapi na linapita wapi. Nani amemwambia? Kikulacho ki nguoni mwako. Maneno hutoka kwenye kantini, kwenye kilabu cha pombe, na kwa mtu anayepiga simu kwa sauti mbele ya watu asiowajua. Dereva, taniboi na mlinzi wa lango wasitangaze safari.

2. Fedha zisibebwe bila lazima. Zamani siku ya mshahara hata mtoto mdogo alilijua gari lililokwenda benki. Malipo kwa simu yalianza Uganda mwaka 2009, na leo inawezekana kulipa watu wengi bila sanduku la noti kupita barabarani. Mahali ambapo mishahara bado inabebwa kwa gari, kamati ya tawi imwulize meneja sababu.

3. Kagua gari. Tazama tairi, mafuta, taa, vioo na kufuli za milango. Gari linalozimika porini limewasaidia majambazi nusu ya kazi yao. Kama kufuli ni mbovu, andika katika daftari la gari kabla ya kutoka, na tarehe.

4. Chagua saa. Safari inayoweza kwenda mchana isiende usiku. Anayetoka Kampala kwenda Jinja anajua kwamba baada ya Lugazi barabara inapita katika msitu wa Mabira. Mchana ni barabara yenye magari mengi. Usiku wa manane, gari likiharibika pale, uko peke yako.

5. Awepo mtu anayekungoja. Mtu mmoja ajue njia yako na saa ya kufika. Ukichelewa apige simu, na usipojibu ajue la kufanya. Dereva asiyengojwa na mtu anaweza kulala porini amefungwa mpaka kesho bila kutafutwa.

SEHEMU YA PILI: NJIANI

Majambazi hupenda gari lililosimama au linalokwenda polepole: kwenye mlima, kwenye kona mbaya, kwenye foleni, na kwenye lango. Kwa hiyo funga milango na usiache kioo wazi sana. Ukisimama nyuma ya gari jingine, acha nafasi ya kutosha kuona tairi zake za nyuma zinapogusa barabara. Ukiona hivyo, unaweza kukata kona na kuondoka bila kurudi nyuma.

Langoni kuna hatari kuliko wengi wanavyodhani. Ukikaribia kwako au kiwandani, tazama kioo cha nyuma: je, kuna gari au pikipiki inayokufuata tangu mbali? Kama ipo, usiingie. Pita, nenda penye watu na taa, au kituo cha polisi. Mlinzi naye asifungue lango kwa kusikia honi tu. Atazame kwanza.

Ukigongwa kidogo kwa nyuma usiku mahali pa upweke, usishuke haraka kugombana. Washa taa za hatari, onyesha kwa mkono kwamba mfuatane, nenda mpaka penye watu.

Kizuizi cha barabarani kinataka akili. Wapo wanaovaa makoti ya askari na kuweka magogo. Lakini usivunje kizuizi kwa kasi, maana kama ni polisi wa kweli unaweza kupigwa risasi wewe usiye na hatia. Punguza mwendo, washa taa ya ndani mikono yako ionekane, fungua kioo kidogo, salimu kwa heshima. Ukiwa na shaka, omba kuona kitambulisho, au sema uko tayari kufuatana nao mpaka kituoni. Kama tayari umeonyeshwa bunduki, shaka imekwisha. Nenda sehemu ya tatu ya somo hili.

Usipokee chai, soda wala chakula kutoka kwa msafiri usiyemjua. Dawa ya usingizi ni silaha isiyo na kelele. Dereva huamka hospitalini, gari halipo.

Vijana wa boda boda, ninyi mko hatarini zaidi maana adui yenu mmembeba mgongoni. Usiku usikubali abiria wawili wakubwa usiowajua. Kabla ya kuondoka, mwambie mwenzako wa stegi kwa sauti, "Nampeleka huyu Kawempe, narudi sasa hivi." Abiria mwema hatajali. Mwenye nia mbaya atajua kwamba ameonekana sura. Abiria akibadilisha njia na kusema, "Ingia humu, ni karibu tu," simama penye duka lenye taa umwombe ashuke. Nauli ya safari moja si kitu. Na vaa kofia ngumu: imewaokoa wengi na ajali, na inaweza kukuokoa na nyundo.

SEHEMU YA TATU: WAKISHAKUFIKIA

Hapa somo ni fupi, lishikeni kwa moyo: TOA GARI.

Usibishane, usiseme "mimi ni mfanyakazi tu", usitafute ushujaa. Jambazi naye ana hofu, na mwenye hofu mkono wake ni mwepesi. Weka mikono aione. Kabla ya kufanya jambo lo lote, litaje kwanza: "Nafungua mkanda." "Nashuka." "Ufunguo uko palepale." Dereva mmoja akipeleka mkono chini ghafla kufungua mkanda, jambazi anaweza kudhani anachukua silaha. Usimkazie macho usoni. Kama kuna mtoto au mtu mwingine ndani, sema mara moja: "Mtoto yuko nyuma, namtoa." Ukishuka, ondoka upande usio na gari, usisimame mbele yake. Wakitaka simu, toa. Wakitaka namba ya siri ya fedha, toa.

Bila kumkazia macho, shika mambo mawili matatu: walikuwa wangapi, walisema lugha gani, walivaa nini, walielekea wapi. Hayo yatatosha.

SEHEMU YA NNE: BAADAYE

Nenda penye watu. Huku Uganda namba za polisi ni 999 au 112. Toa namba ya gari, mahali, na upande walioelekea. Usiwafukuze. Na wananchi wakimkamata mtu, tusiwe wa kwanza kuokota jiwe. Watu wasio na hatia wamekufa kwa kelele za "mwizi!" tu, na aliyekufa hataji jina la aliyemtuma.

Mwenye jeraha aombe fomu ya polisi ya majeruhi akatibiwe nayo, na atunze nakala. Siku hiyohiyo, au kesho yake, aandike yaliyotokea kwa maneno yake, akisaidiwa na katibu wa tawi kama hajui kuandika vizuri. Asitie sahihi maandishi yaliyotungwa ofisini kabla ya kusomewa yote.

Tena, ndugu, tusimcheke mwenzetu anayetetemeka akiona tochi, au asiyeweza kushika usukani kwa wiki kadhaa. Mwili umepona, roho bado. Apewe kazi ya mchana kwanza.

SEHEMU YA TANO: HAKI ZETU

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imetaja makato yanayoruhusiwa katika mshahara. Mwajiri hawezi kubuni makato yake. Ukikatwa, uliza: ni kifungu gani? Nilikubali wapi kwa maandishi? Sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi anayesimamishwa ili achunguzwe alipwe nusu mshahara, na muda huo usipite wiki 4. Kabla ya kufukuzwa lazima aelezwe sababu na asikilizwe, naye ana haki ya kuja na mtu wa kumsaidia. Ndugu yetu wa kwanza katika hadithi alistahili haki za namna hii. Sisi tukaenda kuomba huruma.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamhusu anayeumia au kufa kwa sababu ya kazi na akiwa kazini. Inamhusu pia anayeumia akiwa safarini moja kwa moja kwenda kazini au kurudi. Neno "moja kwa moja" ni zito: ukizungukia kilabu, kesi inakuwa ngumu. Mwajiri apewe taarifa mapema, mwezi usipite, na afisa wa kazi ajulishwe.

Tena upo Mkataba wa 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, juu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Unagusa hata njia ya kwenda na kurudi kazini, na unatambua haki ya mfanyakazi kujiondoa penye hatari kubwa bila kuadhibiwa. Uganda iliuridhia mwaka 2023.

Baada ya yale mazishi tulirudi kwa meneja, safari hii na barua ya mambo manne: hakuna lori la mzigo usiku, kila gari liwe na mtu wa kulingoja, kufuli mbovu, gari halitoki, na dereva anayetoa gari kwa mwenye silaha asiadhibiwe wala kukatwa. La nne lilichukua vikao vingi. Walisema madereva watauza magari na kusingizia majambazi. Tulijibu: mwenye kuiba ashitakiwe kwa ushahidi, lakini msiwaue wakweli kumi kwa kumwogopa mwongo mmoja. Mwishowe walitia sahihi. Nakala ilibandikwa gereji, kwa Kiswahili, madereva waisome kabla ya kuwasha gari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Katika kazi yetu, ni nani anajua saa ya kutoka magari yenye mali? Je, wote wanahitaji kujua?
2. Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanarudije nyumbani? Nani anawangoja?
3. Mapatano yetu na mwajiri yanasema nini juu ya dereva aliyenyang'anywa gari? Kama hayasemi kitu, nani ataandika barua, na lini?
4. Kila mmoja amwambie mwenzake kwa sauti maneno atakayosema akionyeshwa bunduki. Rudieni mpaka yazoeleke kinywani.

Lori lililoibwa hulipwa na bima, na jingine hununuliwa. Yule mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya mazishi sasa ni mtu mzima, na hakuna kampuni iliyoweza kumletea baba mwingine.

Umoja ni nguvu.