Tusafishe Barakoa za Vumbi, Tulinde Mapafu

Katika somo la leo tutajifunza namna ya kutunza barakoa ya vumbi. Ni kile kifaa cha kufunika pua na mdomo tunachovaa tukiwa duarani au kwenye karasha. Wengine wanakiita maski. Somo hili linatuhusu sana sisi tunaoishi penye dhahabu: Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu huko Geita, na Mwakitolyo na Kakola upande wa Shinyanga. Wengi wetu tunalima wakati wa mvua, kisha kiangazi tunakwenda machimboni. Mapafu tunayolimia ndiyo hayo hayo tunayochimbia.

MENDE NDANI YA BARAKOA

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Asubuhi moja tulikuwa tunajiandaa kutwanga mawe. Mwenzetu mmoja alichukua barakoa yake kwenye msumari ilikolala usiku kucha, akaivaa. Mara akaivua kwa nguvu na kuitupa chini, huku anakohoa na kutema mate. Kumbe mende alikuwa ndani! Tulicheka sana.

Tulipoiokota barakoa ile tuliacha kucheka. Ndani yake, mahali pua inapokaa, kulikuwa na vumbi laini kama unga wa muhogo. Mwenzetu alikuwa analivuta vumbi lile kila siku, akidhani amejikinga. Tukakagua na za kwetu. Zilikuwa hivyo hivyo. Mende tulimwona upesi, lakini vumbi hatukulijali. Na vumbi ndilo linaloua.

VUMBI LA MAWE LINAFANYA NINI?

Mawe mengi ya dhahabu ni yale meupe yanayong'aa kama kioo. Ndani yake mna madini yanayoitwa silika. Tukiyatoboa, kuyaponda au kuyasaga yakiwa makavu, vumbi hutoka. Chembe kubwa hunaswa puani, nasi tunazitoa tukipenga kamasi. Chembe ndogo sana, zisizofika hata sehemu moja ya mia ya milimita, hatuwezi kuziona kwa macho. Hizo zinaingia ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko. Mapafu yanapata makovu na kuwa magumu, hata hewa haipiti vizuri. Ugonjwa huu unaitwa silikosisi.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Mwaka 1930 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Johannesburg, Afrika Kusini, kuujadili, kwa sababu ulikuwa unaua wachimbaji wa dhahabu. Mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya. Mara nyingi huonekana baada ya miaka 10 au zaidi ya kazi. Lakini penye vumbi jingi sana unaweza kuja mapema. Tena mwenye silikosisi hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Vumbi hili huleta pia saratani ya mapafu.

Tunamjua mzee mmoja aliyetufundisha kupasua mawe. Zamani alikuwa anabeba kiroba cha mawe begani huku anaimba. Siku hizi akitoka nyumbani mpaka kisimani anapumzika mara tatu. Alikuwa anajifunga kitambaa tu. Jamani, kitambaa au kipande cha khanga hakizuii chembe zile ndogo. Zinapita kwenye nyuzi kama maji kwenye chekecheo.

BARAKOA ZA NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni ya kuvaa na kutupa. Imeandikwa N95 au FFP2. Hii haifuliwi. Ukiifua inaharibika, ingawa kwa macho inaonekana nzuri. Ikilowa, ikichafuka ndani, ikikatika mkanda, au ukiona kupumua kumekuwa kuzito, itupe.

Namna ya pili ni ya mpira. Ina mikanda ya kichwani, ina vichujio vya kuchuja vumbi, na ndani yake ina vilimi. Vilimi ni vipande vyembamba vya mpira vinavyofunguka na kufunga tunapopumua. Barakoa hii hudumu muda mrefu ikitunzwa. Kila mtu awe na yake. Tusiazimane.

NAMNA YA KUISAFISHA BARAKOA YA MPIRA

Fanya hivi kila siku baada ya kazi:

1. Nawa mikono na uso kwanza.

2. Toa vichujio. Usivioshe kwa maji. Usivipulize kwa kompresa wala kuvigonga kwenye jiwe, maana vinatoboka na vumbi linaruka usoni. Vifute kwa nje tu kwa kitambaa chenye unyevu. Vikichakaa au kupumua kukiwa kuzito, weka vipya.

3. Osha mpira na mikanda kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida. Tumia brashi laini. Maji ya moto sana yanaharibu mpira. Petroli na mafuta ya taa pia yanauharibu. Usivitumie.

4. Safisha vilimi taratibu kwa kidole. Punje moja ya mchanga ikikaa chini ya kilimi, kilimi hakifungi, na vumbi linapita hapo.

5. Kama unataka kuua vijidudu, weka kijiko kimoja cha chai cha dawa ya kufulia nguo nyeupe, kama Jik, kwenye lita 5 za maji. Loweka mpira kwa dakika 2. Usizidishe dawa.

6. Suuza kwa maji safi mengi. Sabuni ikibaki inawasha ngozi.

7. Anika kivulini mahali pasipo na vumbi. Jua kali hupasua mpira. Ikikauka kabisa ndipo uiweke.

MAHALI PA KUIWEKA

Barakoa inayoning'inia ukutani usiku ni nyumba ya wadudu. Mende wanapenda giza, unyevu na harufu ya jasho na chakula. Kinyesi chao kinaleta pumu kwa baadhi ya watu. Panya wanatafuna mikanda. Buibui wanatanda utando, na nyigu wanaweza kujenga kwa udongo kwenye matundu ya hewa.

Kwa hiyo weka barakoa kavu katika ndoo ndogo au kopo safi lenye mfuniko unaobana. Usitumie kopo lililokuwa na dawa ya pamba, dawa ya panya au zebaki. Usiikunje wala kuigandamiza, maana ikipinda haikai tena vizuri usoni. Usiweke kopo hilo karibu na chakula. Na usipulize dawa ya kuua wadudu kwenye barakoa, kwa kuwa utaivuta wewe mwenyewe kesho yake. Dawa ya mende ni usafi wa chumba: funika vyakula, osha vyombo kabla ya kulala, ziba nyufa.

KABLA YA KUVAA

Tazama ndani na pasa kidole. Kisha vaa, kaza mikanda, ziba vichujio kwa viganja na vuta pumzi. Barakoa nzuri itajibana usoni. Ukisikia hewa inaingia pembeni, rekebisha na ujaribu tena. Ndevu nazo zinaacha nafasi. Mchimbaji anyoe mahali mpira unapogusa.

BARAKOA PEKE YAKE HAITOSHI

Ndugu wasomaji, barakoa ni kinga ya mwisho. Kinga ya kwanza ni maji. Tulowanishe mawe kabla ya kuyaponda, na tumwage maji mahali pa kazi, ili vumbi lisiruke. Akina mama wanaotwanga mawe wasiwe na watoto mgongoni, kwa maana mtoto hana barakoa. Tukung'ute nguo za kazi? Hapana. Tuzifue, tena tusilale nazo.

Tukumbuke pia kwamba kichujio cha vumbi hakizuii mvuke wa zebaki. Mtu asichome dhahabu yenye zebaki akidhani barakoa hii itamwokoa.

Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukikonda, ukitoka jasho usiku au ukikohoa damu, nenda zahanati upesi ukapimwe makohozi. Mwambie mganga kwamba unafanya kazi ya mawe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kifua kikuu kinapona. Silikosisi haiponi. Ndiyo sababu tunasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mapafu hakuna fundi wa kuujenga.

Leo jioni, kabla ya kula, kila mmoja wetu achukue barakoa yake na atazame ndani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kitambaa hakitoshi kuzuia vumbi la mawe?
2. Taja mambo matatu yanayoharibu barakoa ya mpira.
3. Kwa nini tusipulize dawa ya wadudu kwenye barakoa?
4. Katika machimbo yetu, maji ya kulowanishia mawe tutayapata wapi, na nani atayaleta?