Dondoo: Kabla ya mtihani wa fundi sanifu wa ubora

Mtihani huu wa ASQ, jumuiya ya ubora ya Marekani, una maswali 110 ya kuchagua kwa saa 4 na dakika 18, nao unaruhusu vitabu. Ruhusa hiyo ndiyo inayowaponza wengi.

1. Usiutegemee msaada wa kitabu usichokizoea: bandika vialama kwenye majedwali na kanuni wiki kadhaa kabla.
2. Jalidi madondoo yako. Karatasi zilizolegea haziruhusiwi.
3. Zoea mapema kikokotoo kisichoweza kuwekewa programu.
4. Ukitafuta mkengeuko sanifu wa sampuli, gawa kwa n−1, si n.
5. Usichanganye mipaka ya udhibiti na mipaka ya vipimo. Ya kwanza hutokana na data za mchakato wenyewe, ya pili na matakwa ya mteja au mchoro. Kosa hili huwanasa hata mafundi wa miaka mingi kiwandani, basi lifanyie mazoezi zaidi ya yote.
6. Shika maikromita mkononi, usome kipimo chake, picha haitoshi.
7. Hakikisha jina la kitambulisho linalingana na la usajili.
8. Swali likikukwamisha, ruka, urudi baadaye.
9. Usiache swali wazi: jibu la kosa halipunguzi alama.