Sahihi ya Gari Barabarani

Gari lendalo kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa hupita mita 25 kila sekunde. Likiwa na redio ya kupashana habari na magari mengine, hutangaza mahali lilipo, kasi yake na mwelekeo wake kiasi cha mara 10 kwa sekunde, yaani kila baada ya mita 2.5. Hivyo gari la nyuma hujua kuwa la mbele limefunga breki, hata kama dereva hajaliona.

Je, mtu mwovu akitangaza uongo kwamba mbele pana gari lililosimama? Breki zitafungwa bure, na ajali yaweza kutokea.

Kinga si kuuficha ujumbe, kwani umekusudiwa kusomwa na wote. Kinga ni sahihi ya tarakimu. Gari huutia ujumbe sahihi kwa ufunguo wa siri. Wapokeaji huihakiki kwa ufunguo wa wazi, uliothibitishwa kwa cheti cha mamlaka inayoaminika. Ujumbe ukigeuzwa hata kidogo, sahihi hukataliwa. Saa iliyotiwa ndani yake huzuia ujumbe wa zamani usirudiwe.

Hata hivyo, cheti kimoja cha kudumu kingemwezesha yeyote kumfuatia dereva kila aendako. Kwa hiyo gari hupewa vyeti vingi visivyo na jina, nalo huvibadilisha mara kwa mara.

Zoezi: Sahihi humthibitisha mtumaji. Je, yatosha kuthibitisha ukweli, ikiwa kipimo cha kasi cha gari hilo ni kibovu? Eleza.