Chumvi inaenda wapi ndani ya maji?

Mukitia kijiko cha chumvi mu kikombe cha maji na kukoroga, haionekani tena. Haikupotea: onjeni, mutaisikia. Chembe ya chumvi imejengwa na iyoni za sodiamu na za kloro, zimepangwa kama matofali. Sodiamu iko na umeme wa (+), kloro wa (−). Juu ya ile zinashikana. Maji nayo iko na pande mbili: ya oksijeni inavuta sodiamu, ya hidrojeni inavuta kloro. Molekuli za maji zinazunguka kila iyoni, zinaingoa kwenye ukuta na kuifunika pande zote. Kukoroga kunaleta tu maji mapya karibu. Lakini litri moja haipokei zaidi ya gramu 360 hivi. Ingine inabakia chini.

Mbolea ya NPK nayo iko na chumvi nyingi. (Urea hapana, hata kama inayeyuka upesi.) Mizizi inakunywa kile kimeyeyuka, basi mbolea kwenye udongo mukavu inangojea mvua tu. Lakini mukiimwanga ndani ya shimo pamoja na maharagwe, maji ya pale inakuwa chumvi kali, inakataza mbegu kunywa, na inaungua. Muiweke sentimita 5 pembeni, mufunike na udongo.

Chokaa ya shamba ni ingine: iyoni zake zinashikana sana, maji inazitenganisha polepole. Muitie wiki kadhaa mbele ya kupanda.