Nchi Iliyoletwa na Mto

Maji ya mto Semliki hutoka katika ziwa Edward, hupita chini ya mlima Ruwenzori, kisha huingia katika ziwa Albert. Hapo hutoka tena kuelekea kaskazini, nayo ni maji ya mto Nili. Husafiri mpaka Misri, na mwisho hufika katika bahari ya Mediterania.

Ukiisha kupita mji wa Kairo, mto hugawanyika. Toka hapo mpaka baharini ni kilometa 160 hivi, na pwani yake ni kilometa 240 hivi. Nchi hiyo ina pembe tatu, mfano wa herufi ya Wayunani iitwayo delta. Kwa hiyo waliiita Delta. Udongo wake ni mweusi, wenye rutuba sana. Lakini haukuwako hapo tangu mwanzo.

Chota maji ya mto wakati wa mvua, yatie katika chupa, uyaache usiku kucha. Asubuhi utaona tope limeshuka chini. Maji yaendayo mbio huchukua udongo, yakitulia, huuacha. Ndivyo ufanyavyo mto ufikapo baharini. Tope la Delta, sehemu kubwa yake, lilitoka katika milima ya Ethiopia, si Kongo: tope la Semliki hubaki katika ziwa Albert.

Miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali. Maji mengi yaligeuka barafu, kama ile iliyo juu ya Ruwenzori, ikafunika nchi kubwa za kaskazini. Maji yaliyofungwa katika barafu hayakurudi baharini, basi bahari ikapungua. Uso wake ulikuwa chini kuliko leo kwa meta 120 hivi! Pwani ya Misri ilikuwa mbali zaidi kaskazini, na Nili ulichimba njia zake katika mchanga mpaka huko.

Kisha dunia ikapata joto, barafu ikayeyuka, bahari ikapanda upesi, ikameza nchi. Miaka 8,000 hivi iliyopita ikaanza kupanda polepole. Hapo mto ukapata nafasi: kila mwaka mafuriko yalitandaza tope jipya juu ya tope la zamani. Wachimbao chini sana katika Delta hukuta tope juu na mchanga chini. Vilima vingine vya mchanga havikufunikwa. Watu wa zamani walijenga vijiji juu yake, maana maji hayakuvifikia. Wenye akili hao!

Waandishi wa Kiyunani walihesabu milango saba ya Nili. Leo imebaki miwili, wa Rashidi na wa Dumiati. Mingine ilijaa tope. Penye mlango mmoja wa zamani palikuwa na mji wa Herakleioni, bandari yenye hekalu kubwa. Kumbe tope halikai vile vile: uzito wake hulikamua, maji hutoka, na nchi hushuka. Mji ukazama. Mwaka 2000 wapiga mbizi walioongozwa na Mfaransa Franck Goddio waliugundua chini ya bahari.

Basi nchi ya Delta hushuka daima kidogo kidogo, na tope jipya ndilo lililoiinua. Lakini mwaka 1970 Wamisri walimaliza ukuta mkubwa wa kuzuia maji huko Aswani. Ukuta ule umewapa umeme, na maji ya mashamba mwaka mzima; hata hivyo tope limebaki nyuma yake. Tena bahari inapanda, kwa sababu dunia inazidi kupata joto. Penye mlango wa Rashidi mawimbi yamekula kilometa kadhaa za nchi, na Wamisri wamejenga kuta za saruji ufukoni. Maji ya chumvi hupenya chini ya mashamba. Wakulima wa karibu na bahari huleta mchanga, huumwaga shambani ili kuinua ardhi juu ya chumvi, kisha hupanda tena.

Maswali: Kwa nini bahari ilipungua zamani? Tope la Nili hubaki wapi leo? Mji wa Herakleioni ulizama kwa sababu gani?