Samaki Aliyefungiwa Njia

Katika nchi ya Marekani, upande wa machweo ya jua, kuna jimbo liitwalo Washington. Huko mwezi wa Januari ni mwezi wa baridi kali. Milima imefunikwa na theluji, mvua hunyesha siku nyingi, na jua huchelewa kutoka mpaka saa mbili ya asubuhi. Watu wengi hukaa nyumbani karibu na moto. Lakini mvuvi wa stilihedi huamka kungali giza. Huvaa nguo nzito za sufu, moja juu ya nyingine, na juu yake suruali ya mpira ifikayo kifuani. Kisha huchukua ufito wake, hushuka mtoni, huingia majini mpaka mapajani, na kusimama kimya.

Stilihedi ni samaki gani hata mtu ateseke hivi kwa ajili yake? Kwa Kiingereza jina lake maana yake ni kichwa cha feleji, yaani cha chuma kigumu. Tumbo lake ni jeupe, ubavu unang'aa kama fedha, na mgongo una madoa madogo meusi. Wengi wana uzito wa kilo 3 mpaka 5, na mara chache hupatikana mmoja wa kilo 10.

Huzaliwa mtoni, mahali penye maji safi yapitayo mbio. Mama huchimba shimo katika changarawe kwa kupiga mkia wake, hutaga mayai, kisha huyafunika. Mtoto hukaa mtoni mwaka mmoja, miwili au mitatu. Halafu mwili wake hugeuka. Magamba yanakuwa ya rangi ya fedha, naye anashuka baharini. Katika bahari ya Pasifiki husafiri mbali sana, akila na kunenepa, miaka miwili au mitatu. Siku zake zikitimia, hurudi. Wala haingii mto wo wote tu: hutafuta mto ule ule aliozaliwa, akiutambua kwa harufu ya maji yake. Samoni wengi wa bahari hiyo hufa wakisha kutaga mayai. Stilihedi wengine huishi, hurudi baharini, na mwaka mwingine hupanda mto tena.

Tena kuna jambo la kushangaza. Si watoto wote wa mama mmoja wanaoshuka baharini. Wengine hubaki mtoni maisha yao yote, nao huitwa trauti wa upinde wa mvua, kwa sababu ya rangi za ubavu wao. Mwenye kuwatazama atadhani ni samaki wa namna mbili, kumbe ni ndugu. Trauti hao ndio ambao Wazungu waliwapeleka Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo wamo katika mito ya baridi ya mlima Kenya. Jambo hili la ndugu wawili lisisahauliwe, maana litarudi mbele.

Stilihedi wa majira ya baridi huingia mtoni kati ya Novemba na Aprili. Mvua kubwa ikinyesha, mto hujaa, maji huwa tope, na mvuvi hana kazi. Maji yakianza kupungua na kuwa na rangi ya kijani, hiyo ndiyo siku yake. Samaki hapendi kupoteza nguvu bure, kwa hiyo hupumzika nyuma ya jiwe kubwa, au pale maji ya mbio yanapokutana na maji ya polepole. Mvuvi hupatafuta mahali pale kwa macho. Katika ndoana huweka mayai ya samoni yaliyofungwa ndani ya kitambaa chepesi, au hufunga manyoya na nyuzi za rangi. Huitupa ndoana upande wa juu, na kuiacha ichukuliwe na maji karibu na mchanga wa chini. Katika maji ya baridi samaki hafukuzi chakula. Ndoana isipopita mbele ya kinywa chake, hageuki. Basi mvuvi hutupa tena, na tena, na tena. Wenyewe husema kwamba stilihedi ni samaki wa kutupa mara elfu. Maji huganda juu ya ufito yakawa barafu, na mvuvi huyayeyusha kwa pumzi yake.

Hata ghafula kamba inakazwa. Samaki anaruka juu ya maji, anaanguka, anakimbia kufuata mkondo, na mvuvi anamfuata akijikwaa katika mawe. Akimfikisha pwani hatazami kwanza ukubwa wake, anatazama mgongo. Karibu na mkia pana pezi dogo lenye mafuta. Pezi hilo likiwa limekatwa, samaki huyo alilelewa na watu katika vidimbwi, nao walimkata ili ajulikane. Mahali palipo na ruhusa, huyo huchukuliwa akaliwe. Lakini pezi likiwa zima, samaki ni mzaliwa wa mto, na sheria yaagiza aachwe. Mvuvi humshika kwa mkia ndani ya maji mpaka nguvu zimrudie, kisha hufungua mkono. Amesimama katika baridi siku nne kwa ajili ya samaki mmoja, na sasa anarudi nyumbani mikono mitupu! Mgeni akiona hayo anacheka. Wenyeji hawacheki, kwa sababu wanajua jinsi samaki hao walivyopungua. Mwaka 2007 serikali iliandika stilihedi wa sehemu ile kati ya wanyama walio katika hatari ya kwisha.

Walipunguzwa na nini? Mambo ni mengi, lakini mto Elwha unaonyesha moja waziwazi. Mto huu una urefu wa kilometri 72 hivi. Hutoka katika milima ya Olympic na kuingia baharini karibu na mji wa Port Angeles. Tangu kale taifa la Waklallam lilikaa kinywani mwake na kuishi kwa samaki wake. Mwaka 1910 watu wenye mali walianza kujenga ukuta wa kuzuia mto, kilometri 8 tu toka baharini, ili wapate umeme. Sheria ya jimbo iliagiza kwamba ukuta wa namna hii uachiwe njia ya samaki. Njia haikuachwa. Ukuta wa kwanza, wenye urefu wa metri 33 kwenda juu, ulimalizika mwaka 1913, na wa pili, wa metri 64, mwaka 1927. Umeme ulipatikana, viwanda vikaendelea. Lakini samaki waliotoka baharini waligonga ukuta, na juu yake hawakupita. Waklallam walipoteza chakula chao. Hata mahali patakatifu ambapo, kwa masimulizi ya wazee wao, Muumba aliumba watu wa kwanza, pakafunikwa na maji.

Waklallam hawakunyamaza. Walidai mto wao miaka mingi, na wengine wakadai pamoja nao, mpaka mwaka 1992 wakubwa wa nchi walipotoa sheria ya kuurudisha mto katika hali yake. Ikapita miaka karibu 20 kabla ya kazi kuanza. Mwaka 2011 mashine zilianza kuvunja kuta, na uvuvi ukafungwa ili samaki wapate nafasi. Maji ya bwawa la chini yalipokwisha, mahali patakatifu pakaonekana tena, mwaka 2012. Jiwe la mwisho liliondolewa mwaka 2014. Tope na mchanga wa miaka mia moja ukashuka, ukafanya pwani mpya mahali mto unapoingia baharini.

Na samaki je? Juu ya kuta, wale ndugu waliobaki mtoni, yaani trauti wa upinde wa mvua, walikuwa wamefungiwa karibu miaka mia. Walikuwa wamezaa, wazao wao wakazaa, na hakuna hata mmoja aliyeijua bahari. Ukuta ulipoondoka, baadhi yao waligeuka rangi ya fedha, wakashuka. Miaka ikapita, na wataalamu wakaona stilihedi wakipanda mto. Walipochunguza asili yao, waliona kwamba wengine ni wazao wa wale waliofungiwa.

Mwaka 2023, mwezi wa Oktoba, Waklallam walivua tena katika Elwha, samoni wachache waitwao koho, kwa chakula na kwa sherehe yao. Watoto wengi wa shule walikuwa hawajazaliwa siku ukuta ulipoanza kuvunjwa.

Maswali

1. Kwa nini mvuvi wa stilihedi hutazama pezi la mgongoni kwanza?
2. Stilihedi na trauti wa upinde wa mvua wanapatana kwa nini, wanaachana kwa nini?
3. Wenye kujenga ukuta wa kwanza waliacha kufanya neno gani ambalo sheria iliagiza?
4. Chora mto Elwha tangu milimani mpaka baharini, na kuonyesha mahali pa ukuta wa kwanza.