Upepo Ndani ya Tairi

Wilaya ya Chamwino imo katika mkoa wa Dodoma, katikati ya Tanzania. Barabara kuu ya lami itokayo Dodoma kwenda Morogoro na Dar es Salaam hupita huko, karibu na Buigiri na mashamba ya mizabibu ya Chinangali. Lakini mtu akiiacha lami hiyo na kushika njia za udongo ziendazo vijijini, hukuta mambo mengine. Hapa pana mchanga mwekundu. Mbele kidogo pana changarawe ngumu. Kisha njia hushuka katika korongo lisilo na maji wakati wa kiangazi, limejaa mchanga laini. Kando yake imesimama migunga, na miiba yake imelala chini. Dereva ni yule yule, na injini ni ile ile. Lakini gari lililotulia penye lami huanza kuyumba mchangani. Sababu yake ni nini?

Watu wengi hudhani ya kuwa mwendo mzuri wa gari hutoka katika injini na usukani tu. Kweli, injini hutoa nguvu, na usukani hutoa amri. Lakini nguvu na amri hizo hazifiki ardhini ila kwa matairi manne. Wala tairi haligusi ardhi lote pamoja. Sehemu igusayo ni ndogo, karibu kiasi cha mkono wa mtu mzima, kiganja na vidole. Gari zima, pamoja na watu waliomo, hushikwa na njia kwa sehemu nne kama hizo. Na kitu kinachozipa ukubwa wake na umbo lake ni upepo uliomo ndani ya tairi.

Jambo hili laweza kuonekana kwa hesabu. Nguvu ya upepo wa tairi hupimwa kwa ratili katika kila inchi moja ya mraba. Gari dogo lenye uzito wa ratili 2,400, yaani karibu kilo 1,090, likigawanya uzito wake sawasawa, kila tairi huchukua ratili 600. Ikiwa upepo ni ratili 30, basi 600 kugawanya kwa 30 ni inchi 20 za mraba. Upepo ukipunguzwa hata ratili 20, sehemu igusayo ardhi huwa inchi 30. Hesabu hii si kamili, kwa kuwa ubavu wa tairi nao una ugumu wake, nao hubeba sehemu ya mzigo. Lakini yatosha kuonyesha siri yenyewe. Uzito haukubadilika, wayo ndio uliobadilika. Mtu apitaye mchangani kwa visigino huzama, bali akanyagaye kwa wayo mzima hupita.

Tairi la upepo si kitu cha zamani sana. Hapo kwanza magurudumu yalikuwa ya mti, yamefungwa ukanda wa chuma. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, jina lake Robert William Thomson, alibuni gurudumu lenye mpira uliojaa upepo, lakini halikuenea, likasahauliwa. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast huko Ireland, alipata hati ya uvumbuzi wa jambo lile lile, baada ya kulijaribu katika baisikeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, waliendesha motokaa yenye matairi ya upepo katika mashindano ya kutoka Paris hata Bordeaux na kurudi. Matairi yao yalitoboka mara nyingi, wala hawakushinda. Lakini ilionekana wazi ya kuwa motokaa yaweza kuchukuliwa na upepo.

Katika Afrika Mashariki shule kubwa ya madereva ilikuwa mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953, yakapita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengi wa washindani wa kwanza hawakuwa madereva wa kulipwa. Walikuwa watu wenye kazi zao, wakaingia na magari ya namna ile ile yaliyouzwa madukani. Baadaye mashindano hayo yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua ikinyesha na njia zikiharibika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakafika 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na safari hiyo pia yakafika 7. Mwaka 1966 na mwaka 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekaa Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Katika njia za namna hiyo mbio peke yake hazitoshi. Gari hushinda kwa kuishika njia mpaka mwisho.

Basi ni kosa upepo kupungua mno, na ni kosa vile vile kuzidi mno. Ukipungua, ubavu wa tairi hulegea. Dereva akigeuza usukani, gurudumu hugeuka kwanza na gari hufuata baadaye, kama mtu aliyevaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Penye kona kali tairi hulalia ubavu, na pengine ukingo wake huchomoka katika chuma cha gurudumu, upepo wote ukatoka mara moja. Penye mawe, chuma hicho huubana mpira juu ya jiwe na kuupasua. Tena tairi lililolegea hukunjwa na kukunjuliwa katika kila mzunguko, na kukunjwa huko huzaa joto, kama waya ukunjwao mara nyingi mkononi. Joto likizidi, tairi hupasuka.

Upepo ukizidi, tairi huwa gumu na kuvimba katikati, nayo sehemu ya katikati ndiyo igusayo ardhi peke yake. Gari hurukaruka kila likutapo kijiwe. Na gurudumu lililo hewani haliwezi kusimamisha gari wala kuligeuza.

Magurudumu ya mbele na ya nyuma yana kazi mbalimbali. Ya mbele yakikosa kushika, dereva hugeuza usukani, lakini gari hukataa kugeuka, likatoka nje ya kona. Ya nyuma yakikosa, mkia wa gari huteleza kando, na pengine gari huzunguka likatazama lilikotoka. Dereva mjuzi hutambua kwanza ni magurudumu yapi yaliyokosa, kisha hubadili upepo wa hayo tu, ratili moja au mbili, akajaribu tena njia ile ile. Habadili ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, maana akifanya hivyo hatajua ni badiliko lipi lililomsaidia. Nayo matairi mawili ya mbele huwa sawasawa, na ya nyuma vivyo hivyo. Moja likipungukiwa, gari huvutwa upande wake.

Lakini atajuaje kama apunguze au aongeze? Wako mashahidi watatu. Shahidi wa kwanza ni chaki, kama ile ya darasani. Dereva huchora mstari kutoka meno ya ukingoni mwa tairi, kupita begani, hata ubavuni. Akiisha kuzunguka kona kadhaa kwa mwendo wa mashindano, hutazama. Chaki ikiwa imefutika mpaka chini ubavuni, tairi limelala mno, yaani upepo ni haba. Ikiwa imebaki hata juu ya meno, upepo umezidi. Ikifutika mpaka begani na kukoma hapo, upepo ni wa kadiri. Shahidi wa pili ni joto. Mara gari lisimamapo, joto la tairi hupimwa mahali patatu: ndani, katikati na nje. Katikati pakiwa na joto kuliko pande zote mbili, upepo umezidi. Pande zikizidi katikati, upepo umepungua. Shahidi wa tatu ni kulika kwa meno, naye hukawia kusema: tairi lenye upepo mwingi hulika katikati, na lenye upepo haba hulika pande zote mbili.

Kipimo cha kwanza hufanywa asubuhi, kabla gari halijaondoka na kabla jua halijalichoma. Upepo uliofungiwa hupata nguvu kwa joto: kila joto lipandapo digrii 10 za Sentigredi, tairi la ratili 30 huongezeka karibu ratili moja na nusu. Kwa hiyo tairi lililokuwa na ratili 28 alfajiri laweza kuonyesha 33 baada ya mbio, ingawa hakuna aliyelitia upepo. Asiyejua jambo hili huutoa upepo huo. Na tairi lipoapo, huwa limepungukiwa. Dereva mjuzi huanzia kiasi alichoandika mtengenezaji wa gari, aghalabu karibu na mlango wa dereva, wala hapiti kiasi cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Hupima mara mbili, baridi na moto, akaandika yote katika daftari: siku, njia, joto la mchana, upepo wa kila tairi, na jinsi gari lilivyokwenda.

Penye mchanga mwingi, kama ule wa makorongo ya Chamwino, hupunguza upepo ili tairi litandaze wayo wake, akapita pole pole bila kugeuza usukani kwa ghafula. Afikapo penye ardhi ngumu, hurudisha upepo kwa pampu kabla ya kuongeza mwendo. Akisahau, lile lililomwokoa mchangani litamwangusha penye lami.

Madereva wengi wana desturi ya kulipiga tairi teke, kisha wakasema, “Liko sawa.” Lakini mguu haujui tofauti ya ratili 20 na ratili 30. Mshindani akosaye kipimo hupoteza mashindano, na mashindano yaweza kurudiwa mwaka ujao. Dereva wa basi dogo atokaye Mvumi na abiria 20 na mizigo yao hana mashindano ya kurudia. Tairi lake lililolegea hujaa joto polepole, wala halimwambii neno, mpaka lipasukapo. Elimu ya mashindano, ambayo hujaribiwa penye njia iliyofungwa kwa ruhusa, humfaa yeye zaidi kuliko mshindani. Kuinama mara nne na kipimo mkononi ni kazi ya dakika tano. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na penye barabara, pengine hakuna atakayebaki wa kuujenga.

Maswali

1. Gari lina uzito wa ratili 2,800, na kila tairi lina ratili 35 za upepo. Kila tairi lagusa ardhi kwa inchi ngapi za mraba?
2. Kwa nini upepo wa tairi hupimwa asubuhi?
3. Eleza jinsi chaki inavyoonyesha kama upepo umezidi au umepungua.
4. Mkia wa gari unateleza kila penye kona. Dereva aanze kuchunguza matairi yapi? Kwa nini asibadili yote kwa pamoja?
5. Pima upepo wa baisikeli asubuhi na tena saa nane mchana, ikiwa imewekwa juani. Andika vipimo vyote viwili, ueleze sababu ya tofauti yake.